Kitana cha Ketil

“Na kitana chake je?”

Tordis aliuliza hivyo mbele ya ukumbi mzima. Wengine walicheka. Malenga alikohoa tu, akaendelea kuimba.

Zilikuwa zama za Waviking, kaskazini ya mbali, majira yale ambayo jua hukataa kuzama na ukungu hulala juu ya maji kama maziwa. Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mtu akifia safarini, hutengewa siku moja ya kuimbwa, milango ikiwa wazi. Akiimbwa vile alivyokuwa, hutoka ukunguni akaketi na watu wake. Ukungu ukiondoka, naye ameondoka, na harudi tena.

Tordis hakuwahi kumuaga mumewe, Ketil. Merikebu iliondoka alfajiri, yeye amelala. Ndiyo maana siku hiyo alikiosha kiti cha mumewe, akakiweka karibu na mlango, akakaa akikitazama.

Malenga Skuli alikuwa hodari, hilo sibishi. Alimwimba Ketil mrefu kama mlingoti, kofia ya chuma yenye pembe mbili kichwani, hajaoga tangu azaliwe, ananguruma huku amepanda joka la moto. Watu wakapiga meza kwa raha.

Ukungu ukafunguka. Jitu lenye pembe likainama, likapita mlangoni, likaketi. Kiti kikalia.

“Ketil! Ketil!” ukumbi ukashangilia.

“Huyu si Ketil,” Tordis akasema. “Ketil nilimpita kwa kichwa kizima. Kila Jumamosi alioga, akazichana ndevu zake mpaka zikang’aa. Na pembe hakuivaa kichwani hata siku moja. Pembe yake ilikuwa mkononi: kitana alichokichonga mwenyewe kwa pembe ya kulungu.”

Skuli akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekuonea huruma. “Mama, hii ni ngano. Kuna joka linaruka humu! Wewe umeng’ang’ania kitana?”

“Joka liache hapohapo, ni zuri. Joka halina mjane.”

“Lakini mwanamume anayechana ndevu hatishi. Nani atamsikiliza?”

“Mimi.”

Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Bibie, tuache tufurahi!”

Hapo ndipo lile jitu lilipofungua kinywa. Wote walijikunja wakisubiri mngurumo. Sauti ikatoka ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini.

“Samahani, mama. Mimi ni nani? Nimezunguka huko ukunguni kote nikitafuta mahali nilipozaliwa. Hakuna anayenijua.”

Mikono iliyokuwa ikipiga meza ikatafuta pa kujificha. Nje, ukungu ulikuwa umeanza kuwa mwepesi, na maji yameanza kuonekana.

Skuli akashuka jukwaani, akapiga goti karibu na Tordis. Tabasamu lilikuwa limemtoka. “Niambie alivyokuwa. Upesi, mama.”

Tordis akamwambia, naye akaimba hivyohivyo: mtu mfupi, mwenye kuogopa radi, anayecheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe, anayechana ndevu ukingoni mwa maji. Na kwa kuwa alikuwa malenga, joka akaliacha limelala pembeni, likimsubiri Ketil amalize.

Akaingia mtu mfupi, nywele bado zinachuruzika maji, kitana mkononi. Nyuma yake joka likachungulia mlangoni kwa adabu.

“Nilikuwa hapo nje muda wote,” Ketil akasema. “Nilisikia mkimwita mtu. Nikajua si mimi.”

Tordis akamwambia lile neno alilolikosa alfajiri ile. Kisha Ketil akaligeukia jitu, lililokuwa limesimama limpishe kiti, akazitazama ndevu za jitu hilo zilizosokotana.

“Kaa, ndugu yangu,” akasema, akaanza kuzichana taratibu.

Ukungu ulipoondoka, kiti kilikuwa kitupu. Juu yake palibaki kitana.

Funzo: Buni majoka utakavyo, lakini watu waliowahi kuishi usiwavike pembe ambazo hawakuzivaa, maana kuna mtu bado anawasubiri mlangoni. Mtumie mwenzako hadithi hii. Ila nakuomba, usikate sehemu ya kitana.