Kitufe cha Ilani

Kesi hii nawaachia ninyi. Mimi imenishinda.

Kwenye kituo cha kupima kina cha Mto Lwesa walikuwapo wafanyakazi watatu na kompyuta moja. Kashinje alichukia kurudia kazi. Mbonea alijua kuongea na watu. Wa tatu, mama aitwaye Sikudhani, hakupitwa na kasoro hata ndogo. Kila mmoja alikaa wiki mbili peke yake, gari likamleta mwenzake. Walionana hapo mlangoni mwa gari tu.

"Umekonda, dada," Kashinje alimwambia Sikudhani siku moja.

"Wewe umenenepa. Kuongea na kuta kumekukubali."

Gari likaondoka, ikabaki sauti ya maji.

Kashinje ndiye aliyechoka kuandika ilani ya mafuriko upya kila mara. Katika programu ya kuandikia akaiwekea njia ya mkato: ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, ilani nzima inajiandika.

Mbonea akaikuta, akaona haionyeshi inaenda kwa nani. Alitembea siku nne, vijiji saba, akikusanya namba za simu za wenyeviti, akaziingiza humo humo. Akaongeza njia nyingine ya mkato, ambayo ukiibonyeza kompyuta inaandika: "Umekula?" Sikudhani aliibonyeza kila asubuhi. Hakumwambia mtu.

Yeye Sikudhani aliona vitufe vitatu vinadai mikono miwili. Akahamishia kazi yote kwenye kitufe kimoja.

Alasiri moja maji yalipanda ghafla. Sikudhani aliteleza akikimbia kutoka mtoni, mkono ukateguka. Betri ya kompyuta ilibakiza dakika mbili. Akabonyeza kwa kidole kimoja, akatuma. Vijiji saba vilihama, hakufa mtu.

Wiki iliyofuata mkuu wao alimpigia Sikudhani simu. Nafasi ya kuhamia mjini imepatikana, moja.

"Nimewauliza wenzako nimpe nani. Wote wamesema nikuulize wewe."

"Na watakaobaki?"

"Watapokezana wawili. Wiki tatu tatu."

 Mjini Sikudhani ana binti aliyejifunza kusoma mama yake akiwa huku kituoni.

"Nipe jina, mama. Kesho naandika barua."

Bila Kashinje, ilani isingekuwapo. Bila Mbonea, isingefika kokote. Bila Sikudhani, isingetoka siku ile.

Simu bado iko sikioni, mkuu anasubiri. Je, ungekuwa wewe, ungetaja jina la nani?