Kilio cha Siwatu

Sogeeni, wenye masikio. Siwatu mfinyanzi alifukua majivu akakuta vyungu vyake vyote vimepasuka. Akaangua kilio. Zimwi likatoka kichakani: "Mama, nipe kilio chako nikubebee." Akakitoa, akarudi kwenye udongo wake kama hakuna lililotokea.

Nyumba ikaungua. Zimwi likaja tena. "Na hiki kibebe," akasema Siwatu.

Kisha mwanawe, Mboza, akafa. Wanawake wakajaa msibani, wakingoja mama aanze kulia ndipo waitikie. Siwatu akafungua kinywa, hakikutoka kitu.

"Kamla mwanawe mwenyewe huyu," wakanong'ona, wakaondoka mmoja mmoja.

Akabaki na maiti. Ndipo kichakani ikasikika sauti yake mwenyewe ikimlilia Mboza, na Siwatu akaisikiliza kwa macho makavu.

Hadithi yangu imelala hapo. Siwatu hajalala.