Viatu Vyeupe Mlangoni

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maana yake ni kwamba kilichofichika hakichukuliwi na mtu aliyesimama wima, hata awe na elimu ya kujaza ghala.

Chuo cha udaktari kilileta wanafunzi wake kijijini kwa wiki nane, wajifunze kuhudumia wagonjwa majumbani mwao. Mmoja alikuwa kijana mrefu, hodari wa kusoma, mwenye viatu vyeupe pe. Watu wakamwita Viatu Vyeupe. Alikabidhiwa nyumba kumi na moja, mojawapo ikiwa ya fundi viatu aliyekuwa akianza dawa za kifua kikuu.

Mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo, alimpa siri ya kazi. "Mwanangu, ukifika vua viatu, keti mkekani, uliza habari za kuku kwanza. Ugonjwa hutoka nyuma ya kuku."

"Mama, fomu haina nafasi ya kuku," akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Kila Jumanne alisimama mlangoni kwa fundi, kalamu mkononi.

"Mzee, dawa unameza?"

"Nameza, daktari."

"Safi." Akatia alama.

Jumanne ya pili fundi alimsihi. "Ingia basi uketi, baba. Hivyo viatu nitavifuta mwenyewe, bure. Nina neno."

"Liseme tu hapa, mzee."

Fundi akamtazama mke wa mwanawe, aliyekuwa akifua hatua tatu kutoka pale. Neno lile halisemwi mbele ya mkwe. "Basi, litangoja," akasema.

Likangoja. Fundi akakonda kama ng'onda, fomu yake ikanenepa kwa alama.

Wiki ya saba mhudumu alipita kumjulia hali. Akawatoa watu wote nje, akaketi chini, akauliza habari za kuku. Fundi akasema kuku hawajambo, kisha akanong'ona, "Dada, siku ya kwanza kumeza zile dawa nilikojoa mkojo mwekundu. Nikajua zinanikata maini. Nikaacha. Ziko mvunguni."

"Ni rangi ya dawa tu, kaka yangu! Kila anayezimeza humtokea hivyo. Yule kijana hakukwambia?"

"Aliniambia 'safi'." Fundi akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. "Kumbe nimekimbia rangi!"

Walimpeleka hospitali siku ileile. Siku ya nne walimrudisha amefunikwa.

Viatu Vyeupe alikuja msibani. Mhudumu hakumgombeza, alimwonyesha kitanda tu. Kijana akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akaingiza kichwa mvunguni, akatoa kopo la gundi ya viatu. Ndani mlijaa vidonge, pomoni.

Mjane akamtazama alivyochafuka vumbi mpaka kwenye nyusi. "Leo ndiyo umeingia, baba," akasema.

Chuoni fomu zake zilisifiwa kwa unadhifu, akapewa alama za juu kuliko wenzake wote. Lakini kopo lile lilikuwa pale siku zote, hatua nne tu kutoka mlangoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mwenye kitanda angali hai.