Kinyesi Mlangoni kwa Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na nyua za kufagia, Nguchiro mjane alikaa na watoto wake karibu na bwawa. Kiangazi kilikuwa kikali. Nyati alinywa upande huu, Kifaru upande ule, na mdogo akisogea, pu! teke.

"Mama, kiu!" watoto walilia.

"Nyamazeni. Hawa wawili wakigombana watakwenda kupigana huko mbugani, nasi tutakunywa."

Alfajiri akabeba kinyesi cha Kifaru, akakimwaga mlangoni kwa Nyati, pwaa!

Nyati akatoka, akakikanyaga. "Ala! Nani huyu?"

"Mzee wangu, naogopa kusema," alijibu Nguchiro, akijifanya anapita. "Ila harufu unaijua."

"Kifaru! Nenda kamwambie aje akifagie kwa mkia wake, watoto wangu wakitazama!"

Kifaru alishangaa. "Mimi? Haya, kwa ajili ya amani nitakuja kufagia. Lakini kwa ufagio, mwanangu."

Jibu la kiungwana lile! Nguchiro akalimeza lote.

"Amekataa," akamwambia Nyati.

Mbuuu! Baragumu la vita likalia. Nguchiro akacheka.

Kumbe Nyati alikuwa amechanjiana damu na Simba, na Kifaru amechanjiana na Tembo, nao wana ndugu zao wa damu. Koo zote zikatoka. Nguchiro alipoliona vumbi, kicheko kilimkauka. Akamkimbilia Tembo.

"Babu, nilidanganya! Kinyesi nilikiweka mimi!"

"Nakuamini, mjukuu wangu," Tembo alisema, machozi yakimlenga. "Lakini nimekula kiapo. Mwambie Simba arudi, nami nitarudi."

Mbio hadi kwa Simba.

"Mimi nirudi? Tembo aanze!"

Hakuna aliyeanza. Wakapigana, gubu! gubu! Wala hawakwenda mbugani. Walipigana mle mle bwawani, kwa sababu kila jeshi lilikuwa na kiu.

Walipokwisha, bwawa lilikuwa tope na damu. Hapakuwa tena na wa kumzuia Nguchiro. Akawaleta watoto.

"Mama, maji yako wapi?"

Kitinda mimba hakuuliza kitu. Alikuwa amekufa mgongoni mwa mama yake, na Nguchiro bado alikuwa anakwangua tope.

Basi shikeni hili, wanangu: vita hata mdogo huweza kuvianzisha, lakini kuvizuia huwashinda hata wakubwa.