Bapa na Mgongo wa Madoa

Ngano inabisha hodi!

Ifungulieni, iingie, ikae!

Hapo zamani, zamani za kale, kwenye mlima wa mawe aliishi kobe aitwaye Bapa. Gamba lake lilikuwa bapa kama chapati, tena laini. Alilala ndani ya ufa wa mwamba. Kila alipoingia alivuta pumzi, akajaa, akakwama humo, hata nyegere asiweze kumtoa.

Lakini Bapa alilionea haya gamba lake. Chini ya mwamba aliishi Madoa, kobe mkubwa mwenye gamba la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Kila asubuhi Madoa alimuuliza, "Dada Bapa, yule tembo aliyekukalia ameshakuomba radhi?"

Bapa alicheka kidogo. Akirudi kwenye ufa wake alikuwa hacheki.

Mwaka mmoja mvua ilichelewa. Majani mabichi yakabaki juu ya mwamba tu. Bapa alipanda, akala, akamwangushia Madoa vijiti viwili vya majani.

Madoa akasema, "Kama wewe uliyekaliwa unapanda, mimi nitashindwaje?"

Akapanda. Akafika nusu. Akabiringika mpaka chini, akalala chali, miguu juu. Na jua lilikuwa linazidi kupanda. Kobe akilala chali juani hadi adhuhuri, hainuki tena.

Akaja Pimbi, akasukuma. Madoa akazunguka kama pia.

Akaja Sungura, akasukuma. Madoa akazunguka kama pia.

"Mnanitia kizunguzungu," akasema kwa sauti ndogo.

Bapa akashuka. Akamtazama yule aliyezoea kumcheka, akamwona ni kobe tu, anaogopa. Akajipenyeza chini ya gamba lake, mahali ambapo hata panya angebanwa. Akavuta pumzi, akajaa. Madoa akainama upande. Bapa akavuta tena. Madoa akainama zaidi. Mara ya tatu mguu wa Madoa ukagusa udongo, akajigeuza mwenyewe.

Akamgeukia Bapa, akasema, "Ahsante, dada. Sina cha kukupa ila kivuli changu."

"Kinatosha," akasema Bapa.

Wakapumzika pamoja, mmoja kivulini mwa mwenzake, mpaka jua likapoa. Jioni ile Bapa aliingia kwenye ufa wake, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akalishukuru gamba lake.

Basi, wenzangu, tusione haya kwa tulivyoumbwa. Hicho tunachochekewa, huenda ndicho mwenzetu atakachokihitaji. Na tukisaidiwa, tushukuru kwa tulicho nacho, hata kikiwa kivuli.

Ngano imerudi mwambani. Aliyeisikia aende nayo nyumbani.