Unga wa Uvunguni

Mmesikia watu wakisema, "Mficha unga uvunguni hujikuna kitandani," mkacheka, kisha mkaniuliza ni nani huyo aliyejikuna. Kaeni, niwaeleze ilikotoka.

Mwaka mmoja mvua ilizidi, mihogo ikaozea ardhini. Bi Asumini akawa anaipimia nyumba yake kibaba kimoja cha unga kwa siku: yeye mwenyewe, binti yake Mwanahawa, na mkwewe Somoe, aliyekuwa akinyonyesha mtoto wa miezi saba. Mume wa Somoe alikuwa mbali akitafuta kibarua.

Somoe alihofu maziwa yasije yakakauka. Mama yake alipomletea mfuko wa unga wa makopa ya muhogo, hakuupeleka ghalani. Aliusukuma uvunguni mwa kitanda, maana kwa desturi yao mama mkwe hakanyagi chumba cha mwanawe. Wenzake wakienda shamba, alijikorogea uji upesi na kuunywa ungali wa moto.

Unyevu ukaingia mfukoni. Baada ya wiki tatu mtoto, Tunu, akatoka vipele shingoni na mapajani. Somoe akadhani ni kunguni; akaanika godoro, akamwagia maji ya moto maungio ya kitanda, akachemsha nguo zote. Vipele vikazidi. Asubuhi moja aliona vumbi jeupe juu ya shuka. Alipoinama kulitazama, lilikuwa linatembea. Akajua limetoka wapi. Lakini angesemaje, na wenzake wanalala na njaa?

Bi Asumini akashuku utitiri wa kuku. Mwanahawa alikuwa na kuku watatu, wawili wakiatamia. Wakachinjwa wote, banda likachomwa moto. Somoe alikula nyama yao macho chini.

Siku ya nne baada ya hapo Tunu alikataa titi. Alilia mpaka sauti ikakauka. Bi Asumini akaja kusimama nje ya kizingiti.

"Kuku tumewala na wadudu bado wapo. Mwanangu, humo ndani mna nini?"

"Hamna kitu, mama."

"Basi naingia. Desturi nitaiomba radhi mtoto akishapona."

Somoe akapiga magoti, akauvuta mfuko mpaka uani. Ulipofunguliwa, unga ulikuwa ukichemka bila moto.

"Ungeniambia unahofia maziwa," alisema Bi Asumini, "ningekupimia sehemu yangu."

"Na kuku wangu je, wifi?" Mwanahawa akauliza. "Nao walificha mfuko?"

Somoe akachukua jembe, akachimba shimo.

Unga ulifukiwa shimoni bila kumshibisha mtu. Vipele vya Tunu vilipoa kwa juma moja. Mwanahawa ndiye asiyepoa. Tangu siku hiyo, Somoe akijikuna popote, hata akiumwa na mbu tu mbele ya wageni, wifi yake alimtazama, akatabasamu, akasema taratibu: mficha unga uvunguni hujikuna kitandani.