Cherehani za Ofa za Mbaruku

Siku tatu mfululizo kipaza sauti cha tajiri Mbaruku kiliitangazia Muheza nzima cherehani za umeme kwa nusu bei. Siku zote tatu Siwema, fundi nguo aliyeharibikiwa na cherehani yake huku sare za shule zikimsubiri, aliambiwa kwamba zimekwisha sasa hivi tu. Badala yake alionyeshwa za bei kamili, ambazo zilijaa tele.

Siku ya nne aliingia dukani wateja wakiwa wamefurika, mkono wake umefungwa bendeji.

"Bwana Mbaruku, cherehani ya ofa uliyoniuzia jana imenipiga shoti. Nataka pesa za matibabu."

"Mimi? Nimekuuzia mimi?"

"Huwezi kunikumbuka, bwana. Si uliuza nyingi?"

Wateja wakaanza kunong'ona kwamba cherehani za Mbaruku zinaua. Tajiri alilowa jasho, akapanda juu ya kiti.

"Jamani, naapa! Sijauza cherehani ya ofa hata moja! Hazijawahi hata kuingia dukani humu!"

Siwema akafungua bendeji taratibu, vidole vyote vizima.

"Ahsante, bwana. Sasa tuuzie hizi zilizopo kwa bei uliyoitangaza, au kiapo hicho ukakirudie polisi."

Wateja walikwisha kuziba mlango. Mbaruku akamshushia ya kwanza, meno ameyauma.

"Uongo wa namna hii umejifunzia wapi, mama?"

"Hapahapa dukani kwako," Siwema alijibu, akajitwika cherehani yake.